Uros, Taquile na makaburi ya Sillustani kwa siku moja: inawezekana?

Swali la msomaji wa Mwanza, kwa kifupi: Julai anakwenda Peru na mama yake mwenye miaka 63. Watatua Lima, kesho yake watapanda ndege hadi Juliaca na kulala Puno, mji ulio kando ya Ziwa Titicaca. Asubuhi inayofuata wakala amewawekea safari ya siku moja yenye mwongoza watalii: visiwa vinavyoelea vya Uros, kisiwa cha Taquile, kisha makaburi ya kale ya Sillustani, na usiku huohuo basi la kwenda Cusco. Anauliza kama siku moja inatosha, na kama watu wa Uros wanaishi pale kweli au ni maonyesho ya watalii.

Dada yangu, kwa mpangilio huo nakushauri usikubali. Saa za kutosha zipo. Boti ya kasi ikiondoka Puno saa moja asubuhi inaweza kuwapitisha Uros, ikawafikisha Taquile, ikawarudisha gatini alasiri, na gari likawakimbiza Sillustani kabla jua halijazama. Mawakala wanaiuza safari hiyo na watu wanainunua. Kinachonisumbua ni kwamba hiyo itakuwa siku yenu ya kwanza juu kule, na uko na mama. Geuzeni safari: Cusco kwanza, Puno mwisho. Mtaviona vyote vitatu kwa utulivu, na gharama itakayoongezeka ni usiku mmoja wa hoteli badala ya kulala kwenye basi.

Nieleze sababu. Ziwa Titicaca liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Mwanza mko kama mita 1,140. Kituo cha Horombo, kwenye njia ya Marangu kule Kilimanjaro, kiko mita 3,720. Mpandaji hukifikia siku ya pili, kwa miguu, akiwa ameshalala Mandara, kituo cha chini yake, na wengi huongeza usiku mmoja hapo ili mwili uzoee. Nyinyi mtafika juu kuliko Horombo kwa ndege isiyochukua hata saa mbili, mkitokea pwani. Kila pumzi mtakayovuta Puno itakuwa na oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile ya Lima. Usiku wa kwanza wengi huumwa kichwa, hukosa usingizi na hamu ya chakula, wengine hutapika. Wenyeji huuita ugonjwa huo soroche.

Kuna jambo ambalo vipeperushi huliruka. Kilimanjaro mtu akizidiwa, waongozaji humshusha, na baada ya saa chache za kuteremka anaanza kupata nafuu. Puno hakuna pa kuteremkia. Uwanda ule wa juu ni tambarare, unaenea mamia ya kilomita, na mji mkubwa wa karibu ulio chini kidogo ni Arequipa, mita 2,335, mwendo wa saa sita hivi kwa basi. Hoteli nyingi zina mitungi ya oksijeni, na inasaidia, lakini haichukui nafasi ya kushuka. Mkiona mmoja wenu anahema akiwa amekaa tu, anakohoa mate yenye povu, anayumba akitembea au anachanganyikiwa, hiyo ni dharura. Hospitali saa hiyohiyo, kisha mipango ya kuondoka.

Na hili nawaambia wasomaji wote wa Kanda ya Ziwa, ambako vinasaba vya selimundu vimeenea kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Mtu anaweza kuwa amebeba kinasaba kimoja maisha yake yote, mzima kabisa, hajui. Kwenye mwinuko mkubwa, chembe nyekundu za damu ya mtu huyo zinaweza kuanza kubadilika umbo na kuziba mishipa ya bandama. Haitokei kwa wengi, ila ikitokea ni maumivu makali ya ubavu wa kushoto na ni jambo la hospitali. Kipimo ni cha kawaida. Pimeni wote wawili kabla ya kulipia tiketi, na mwenye ugonjwa wenyewe asiende kabisa bila ruhusa ya daktari wake. Mama kama anatumia dawa za presha, kisukari au moyo, aende na orodha yake kliniki aulize pia kuhusu asetazolamidi, ambayo madaktari huwaandikia wasafiri wa milimani. Asiinunue dukani kwa kusikia kwangu.

Hotelini mtakaribishwa chai ya majani ya koka. Peru ni halali, na watu wa milimani wameyatafuna majani hayo tangu enzi. Kunyweni mkitaka, mkijua kwamba vipimo vya mkojo vinaweza kuonyesha kokeni baadaye, kwa hiyo mtu anayepimwa kazini ajizuie. Msithubutu kuondoka nayo. Si majani, si pakiti za chai, si pipi zake. Mtapita viwanja vya nchi nyingine mkirudi, na huko pakiti moja ya chai hiyo inaweza kuwa kesi ya dawa za kulevya. Ipo chai nyingine ya mitishamba, munya, yenye harufu inayokaribia mnanaa, ambayo haina tatizo lolote kisheria. Mimi huwaelekeza wageni wangu kwenye hiyo.

Safari ikigeuzwa inakwenda hivi. Kutoka Lima mnaruka hadi Cusco, mita 3,400, lakini hamlali mjini. Siku hiyohiyo mnateremka kwa gari hadi bonde la Urubamba, chini ya mita 2,900, mkalale huko. Magofu ya Machu Picchu yako chini zaidi, kama mita 2,430. Mkimaliza huko ndipo mnarudi kukaa Cusco siku mbili hivi. Kisha mnachukua basi la mchana kwenda Puno, lile linalovuka njia ya La Raya kwenye mita zaidi ya 4,300, ambapo mtashuka kupiga picha dakika chache na kuendelea. Mtaingia Puno jioni miili ikiwa imeshazoea. Kesho yake ziwa, kutwa nzima. Kesho kutwa asubuhi mnafungasha, na gari linalowapeleka uwanja wa ndege wa Juliaca linapitia Sillustani, kwa sababu makaburi hayo yako upande wa njia hiyohiyo, mchepuko wa kilomita kama 14 kutoka barabara kuu. Makundi mengi huenda Sillustani alasiri. Mkifika asubuhi mtakuta watu wachache mno.

Sasa hilo la Uros. Wanaishi.

Kisiwa chao huanza na mizizi. Totora huota kwenye maji ya kina kifupi ya ghuba ya Puno, nayo ni ya ukoo mmoja na mafunjo unayoyaona kandokando ya Ziwa Victoria. Mizizi yake, iliyosokotana na tope jeusi, hujiachia kutoka sakafu ya ziwa na kuelea. Watu huikata kwa msumeno mrefu kuwa mabonge mazito yenye unene wa mita moja au zaidi, huyakokota kwa boti, hupigilia kigingi cha mkaratusi katika kila bonge na kuyafunga pamoja kwa kamba. Mizizi huendelea kukua, na baada ya muda mabonge hushikana yakawa kitu kimoja. Juu hutandazwa totora iliyokatwa, tabaka moja likielekea huku na linalofuata likikatisha. Kisiwa kizima hutiwa nanga ili kisichukuliwe na upepo. Ya chini huoza, ya juu huongezwa kila baada ya wiki chache, na nyumba huinuliwa ili majani mapya yapite chini yake. Mkikanyaga, mguu utazama kidogo, na boti kubwa ikipita mtahisi sakafu inapanda na kushuka. Mwambie mama avae viatu bapa.

Mwongozaji mzuri huwaomba wenyeji waoneshe hayo yote kwa bonge dogo, na hushusha kamba yenye jiwe ili mwone kina cha maji. Watawamenyea shina la totora mwonje sehemu nyeupe ya chini. Wao hulila na wamelila siku zote, ila sehemu ya ndani ya ghuba hupokea majitaka ya mji wa Puno, kwa hiyo ningewashauri mshukuru na kulishika tu mkononi.

Lugha yao ya asili, Kiuru, imekwisha kwenye ghuba hiyo. Leo wanazungumza Kiaimara na Kihispania; ndugu zao wa lugha waliobaki ni Wachipaya wa Bolivia. Watoto wanasoma, paneli za sola zipo juu ya mapaa ya matete, na wapo wenye nyumba Puno pia, wanaokuja kisiwani kwa zamu. Visiwa hupokea boti za wageni kwa mzunguko ili kila familia ipate. Mtaimbiwa, mtaoneshwa vitambaa, mtaombwa mpande mtumbwi wa totora kwa malipo ya ziada. Swali lako huulizwa pia na wageni wanaoingia maboma ya Wamasai kwenye njia ya Ngorongoro, na naona jibu ni lilelile: mtu kupokea wageni kwa fedha hakumgeuzi kuwa mwigizaji wa maisha yake. Nendeni mkijua kwamba mtauziwa, ulizeni bei ya mtumbwi kabla ya kupanda, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Kitambaa kimoja mnachokipenda kwa dhati kinatosha.

Niongeze kisa kimoja, kwa sababu kinatuhusu sisi wa bara hili. Mwaka 1969 mvumbuzi wa Norwe, Thor Heyerdahl, alitaka kuvuka Atlantiki kwa chombo cha mafunjo. Mafunjo yalitoka Ziwa Tana, Ethiopia, na mafundi walitoka Ziwa Chad. Chombo hicho kiliharibika njiani. Mwaka uliofuata aliwaita mafundi Waaimara kutoka Titicaca, nao wakaunda cha pili kwa mafunjo yaleyale ya Ethiopia, wakikifunga kwa namna wanavyofunga mitumbwi ya totora. Hicho kilitoka bandari ya Safi, Moroko, kikafika Barbados. Kwa hiyo mkiona mzee amekaa anakaza kamba kwenye mtumbwi pale Uros, mtazameni mikono kwa makini. Ufundi huo ulishafunga mafunjo ya Afrika yakavuka bahari.

Taquile ni kitu kingine kabisa: ardhi ya kweli, mawe mekundu, mashamba ya ngazi, watu wasiozidi elfu chache wanaozungumza Kikechua. Kisiwa kina urefu wa kilomita tano na nusu hivi, na kilele chake kinapita mita 4,000. Boti za kawaida huchukua kama saa tatu kutoka Puno, za kasi karibu nusu ya muda huo. Kinachowaleta watu ni nguo. Wanaume hufuma kofia kwa sindano, wakitembea, wakiongea, wakichunga kondoo. Wanawake hufuma mishipi mipana kwenye vitanda vya mfumi vilivyowambwa chini kwa vigingi, na katika mshipi wa kalenda huweka alama za mwaka mzima wa kilimo na ibada. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Kofia husomeka: nyekundu tupu ni ya mwanamume aliyeoa, yenye nyeupe sehemu ya juu ni ya kijana ambaye hajaoa. Lipo duka la ushirika la jumuiya penye uwanja wa kijiji, bei zimepangwa na kila kitu kina jina la aliyekifuma. Hapo hakuna kupunguziwa, na msijaribu.

Kabla ya kulipa, muulizeni wakala swali hili la Taquile: boti ni ya nani, na chakula cha mchana mnakula kwa nani? Miaka ya 1980 wenyeji wenyewe ndio waliokuwa na boti na waliopanga nani apokee wageni. Baadaye biashara ilipofunguliwa kwa ushindani huria, kampuni za mjini zilichukua sehemu kubwa ya biashara hiyo. Bado inawezekana kwenda kwa boti ya wanakisiwa na kula nyumbani kwa familia. Ulizeni pia mtashukia gati gani. Upande mmoja una ngazi za mawe zaidi ya 500 kutoka majini, upande mwingine una njia ndefu yenye mwinuko wa taratibu. Mama apande kwa njia ya taratibu na ashuke kwa ngazi, akishikwa mkono, maana ngazi hazina kingo. Kama magoti yake hayawezi, mbaki Uros na mrudi. Hilo halina aibu.

Mezani mtaletewa supu ya kinoa na samaki aina ya trauti. Wewe mtu wa Mwanza utaielewa hadithi yake upesi. Trauti si wa Titicaca. Aliletwa kutoka Amerika Kaskazini karibu na mwaka 1940 ili kukuza uvuvi, na baadaye akafuatwa na samaki mwingine, pejerrey, kutoka Argentina. Samaki wadogo wa asili, jamii ya Orestias, ambao hawapatikani kwingine isipokuwa nyanda hizo za juu, walipungua vibaya, na mmoja wao mkubwa ametoweka kabisa duniani. Ukimbadilisha jina trauti ukamwita sangara, na Orestias ukawaita furu, umeshalijua ziwa lile. Muulize mvuvi wa Taquile kuhusu samaki wa zamani. Nadhani nyinyi wawili mtakuwa na mengi ya kuzungumza kuliko mgeni mwingine yeyote ndani ya boti.

Sillustani ndiko nisikotaka mharakishwe. Ni rasi inayoingia kwenye ziwa dogo la Umayo, kilomita kama 34 kutoka Puno, na juu ya kilima chake imesimama minara ya mawe iitwayo chulpa. Waliokuwa na nchi hiyo kabla ya Wainka ni Wakolya, watu wa Kiaimara, na mji wao mkuu ulikuwa Hatuncolla, karibu na hapo. Wainka waliwashinda katika karne ya 15. Ndiyo maana mtaona minara ya aina mbili: ile ya mawe ghafi yaliyokandikwa kwa udongo, na ile ya mawe yaliyochongwa na kubanana hivi kwamba ncha ya kisu haipiti. Mrefu kuliko yote una urefu wa mita kama 12 na huitwa Lagarto, yaani mjusi, kwa sababu ya mjusi aliyechongwa kwenye jiwe lake moja. Utazameni umbo lake: juu ni mpana kuliko chini. Kujenga hivyo bila saruji kunahitaji kila jiwe lichongwe kwa mwinamo wake. Upande mmoja umeanguka, na kuanguka huko kunawafaa nyinyi, maana mnaona ndani: ganda la nje la mawe mazuri, katikati kifusi, na chumba chenyewe kilichozungushiwa mawe ghafi.

Kila mnara una tundu moja dogo chini, ambalo mtu hupita kwa kutambaa, na linaelekea mawio ya jua. Ndani waliwekwa wakubwa wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, wamekunjwa magoti kifuani, wamefungwa kwa nguo na kamba za nyasi, pamoja na vyombo na chakula. Pedro Cieza de León, Mhispania aliyepita nchi hiyo katikati ya karne ya 16, alishangaa kuona watu wanaojali kidogo sana ukubwa wa nyumba za walio hai na kujitahidi kiasi hicho kwa nyumba za wafu. Mkisimama pale mtaona alichokiona. Nyumba za Wakolya karibu zote zimetoweka.

Kuna mnara ambao haukumalizika, na njia ya mteremko ya kupandishia mawe bado imeegemea ubavuni mwake. Mwombeni mwongozaji aanzie hapo. Baadhi yao hupoteza nusu ya muda kwa habari za nguvu za ajabu na sumaku, ilhali jiwe lililoachwa njiani linaeleza kazi yote: lilivyovutwa, vinundu vilivyoachwa vya kulishikia, uso uliokuwa ukisubiri kusawazishwa. Minara ni mitupu. Wezi wa dhahabu wamefanya kazi yao, na radi pia. Vipande vya dhahabu vilivyochimbuliwa Sillustani mwaka 1971 viko Puno, kwenye jumba la makumbusho la Carlos Dreyer, karibu na uwanja mkuu. Pitieni jioni ya siku ya ziwa kama miguu inaruhusu. Na kwenye minara msitambae kuingia, hata mkiona wengine wanafanya. Ni makaburi, na wajukuu wa wajukuu wa waliozikwa ndio wanaowauzia tiketi.

Njiani kutoka Sillustani magari mengi husimama kwenye nyumba ya mfugaji yenye fahali wawili wa udongo juu ya paa. Mtapewa jibini na viazi vya kuchovya kwenye udongo laini unaoliwa. Mama atacheka, maana pemba, udongo wa kula, kwetu huuzwa sokoni. Huko udongo una kazi: hunasa sumu iliyomo kwenye viazi vichungu vya mlimani.

Kama tiketi zimeshalipwa na hazigeuzwi, fanyeni hivi: siku ya kwanza Puno msifanye lolote zaidi ya kula kidogo, kunywa maji na kulala. Siku ya pili Uros asubuhi, mapumziko, halafu Sillustani kwa gari la saa nane mchana. Taquile muiache, na basi la Cusco liwe la asubuhi inayofuata.

Julai ni kiangazi, anga ni safi na jua linaunguza ngozi hata nyeusi, lakini usiku baridi hushuka chini ya sifuri. Kofia, krimu ya jua, sweta nzito, na koti la upepo kwa ajili ya boti. Bebeni soli, fedha ya Peru, za noti ndogo, kwani visiwani kadi haifanyi kazi. Tarehe 25 ni sikukuu ya Santiago huko Taquile, kuna ngoma na mavazi ya kutosha. Tarehe 28 ni siku ya uhuru wa Peru na mabasi hujaa, kwa hiyo kateni tiketi mapema. Mwandikie wakala leo umuulize kama anaweza kubadilisha ndege ya Juliaca iwe ya Cusco. Kubadilisha tiketi huwa rahisi zaidi tarehe zikiwa bado mbali.